Sauvage mpya isiyo na alkoholi: mbona haikai?

SWALI: Shikamoo mama. Nimetumia Sauvage ya Dior, ile Eau de Toilette, tangu nianze kazi, na watu wananijua kwa harufu hiyo. Mwezi uliopita nimenunua hii mpya, Eau Forte, chupa ya mililita 100 kwa zaidi ya laki nne. Nilisikia haina alkoholi, nikasema hii nitajipulizia hata nikienda msikitini Ijumaa. Kwa kweli imenivunja moyo. Nikitoka nayo Kimara, mpaka nashuka kwenye mwendokasi Posta ya Zamani sisikii kitu. Ya zamani nilikuwa nashinda nayo ofisini mpaka saa kumi jioni. Je, nimeuziwa feki? Au ni ngozi yangu? Na chupa iliyobaki niifanyeje? (Msomaji, Kimara)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo linalokuuma. Kwa maelezo uliyonipa, sidhani kama umeuziwa feki, na ngozi yako haina kosa lolote. Umenunua manukato mengine yaliyopewa jina la yale unayoyapenda. Miaka yote hii nauza pafyumu za kiume hapa Dar, na matoleo yote ya Sauvage yamepita mikononi mwangu. Kwa mtu aliyeizoea ile ya kwanza, na kwa joto la mji huu, Eau Forte ndiyo naiona dhaifu kuliko zote katika ukoo huo. Sababu zipo, na ukizijua hutapoteza tena laki nne kwa namna hii.

Kwanza tazama ni kitu gani kilikuwa kinakupendeza. Sauvage unayoijua ilitoka mwaka 2015, mtunzi wake François Demachy. Uti wake ni mambo matatu: bergamoti ya Calabria huko Italia, ambayo ndiyo ule uchachu unaokupokea mwanzoni, pilipili ya Sichuan, ambayo ndiyo ule ukali unaopanda puani, na chini kabisa ambroksani, nyingi, nyingi kweli. Ambroksani hutengenezwa maabara, mara nyingi kwa kuanzia kiini cha mmea wa salvia, na kazi yake ni kushika nafasi ya ambari, ile nta inayonukia itokayo kwa nyangumi. Sisi watu wa pwani ambari hatuhitaji kufundishwa. Al-Masudi, msafiri wa Kiarabu wa karne ya 10, aliandika kwamba ambari iliyo bora hupatikana bahari ya Zanji, yaani pwani hii hii yetu. Kwa hiyo ule ukavu wenye chumvi kidogo unaobaki kwenye kola ya shati lako jioni, hiyo ndiyo ambroksani, na hiyo ndiyo watu wa ofisini kwako wanayokujulia.

Sasa, vitu hivyo vitatu haviruki vyenyewe kutoka shingoni mwako hadi kwenye pua ya mwenzako. Vinabebwa, na mbebaji ni alkoholi. Alkoholi huchemka kwenye nyuzi joto 78 na maji kwenye 100, na hata bila kuchemka alkoholi hupaa upesi sana. Ukijipulizia, inaondoka kwa sekunde chache na kuondoka na bergamoti na pilipili, ndiyo maana mtu anageuka ukipita. Kisha ngozi inabaki kavu, na ambroksani imeshatandazwa juu yake kama inavyotakiwa.

Eau Forte, iliyotoka mwaka 2024, imeondoa huyo mbebaji. Ni maji, na mafuta ya manukato yametawanywa ndani ya hayo maji kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa jicho. Ni ufundi mgumu, siudharau. Ila maji yana tabia ambayo alkoholi haina: yanapaa kulingana na unyevu uliopo hewani. Hewa ikiwa tayari imeshiba maji, yaliyo kwenye ngozi yako yatakwenda wapi? Hapa kwetu unyevu wa asubuhi mara nyingi unapita asilimia 80. Umewahi kuanika nguo wakati wa masika ukaikuta jioni bado ina ubichi. Shingo yako ndani ya mwendokasi saa moja asubuhi iko hali hiyo hiyo. Alkoholi haijali kama hewa ina maji au haina. Ingepaa tu.

Fanya jaribio hili nyumbani siku usiyo na haraka. Keti penye hewa, mbali na feni. Jipulizie ya zamani mkono wa kushoto na mpya mkono wa kulia, mara moja moja. Kushoto utahisi ubaridi unaopita, ngozi inakauka kabla hujahesabu kumi, na pilipili imeshafika puani ungali umenyoosha mkono. Kulia, unyevu unabaki. Tazama kwa karibu utaona vitone vimeng'ang'ania kwenye vinyweleo, na ukigusa kwa kidole ngozi inateleza kwanza, halafu inanata. Harufu ipo, tena si mbaya, ila lazima uinamishe kichwa uifuate. Sasa ongezea jasho. Ukitoka kituoni umeshikilia bomba la juu, watu wamekubana pande zote, jasho linateremka na kuosha kitu ambacho hata hakijakauka vizuri. Hapo ndipo inapopotea Sauvage yako, kabla hata hujafika Magomeni.

Jambo la pili ni harufu yenyewe, kwa sababu hata pangekuwa na ukavu wa Dodoma hii isingekuwa ile unayoijua. Watengenezaji wenyewe wanaieleza kuwa ya ubichi, viungo na miski nyeupe. Miski nyeupe nazo ni za maabara, na kazi yake nyingine kubwa duniani ni kwenye sabuni za kufulia na vilainishi vya nguo, kwa sababu zinashika kitambaa na hazitoki kirahisi kwa maji. Pua zetu zimeshazoea kuzipokea kama harufu ya nguo safi. Kwa hiyo hata mwenzako akikusikia, atakachosema moyoni ni kwamba leo shati lako limefuliwa vizuri. Hatasema, "Huyu ni fulani amefika." Wewe ulikuwa unataka hilo la pili, na ni haki yako kulitaka kwa bei uliyolipa.

Hapa kuna kitu nataka ukiangalie kabla hujaihukumu chupa moja kwa moja. Baadhi ya miski hizi zina molekuli kubwa, na kuna watu wengi tu ambao pua zao hazizisikii kabisa. Si ugonjwa na wala si mafua, ni maumbile. Mtu wa kando anaisikia miski ile ile bila shida. Tena pua yoyote huzoea. Kitu ulichojipulizia mwenyewe na kukaa nacho nusu saa, pua inaacha kukuarifu. Kwa hiyo siku moja jipulizie kama kawaida, ukifika ofisini usiulize "mnasikia pafyumu yangu?" maana watu watakuridhisha. Muulize mtu mmoja mkweli, bila kumweleza kitu, kama kuna harufu yoyote anaisikia akikaa karibu nawe. Akisema anaisikia, basi sehemu ya tatizo ni pua yako na miski. Akisema hakuna, basi ni yale ya jasho na maji. Wateja wangu waliofanya hivi wameniletea majibu ya aina zote mbili, ila wengi walikuwa wanasikika kwa mtu aliyekaa jirani kabisa, na aliye hatua mbili hana habari.

Kuhusu feki sitachukua muda mwingi. Pulizia kidogo kiganjani na unuse hapo hapo: ikikupiga kwa ukali wa spiriti, hiyo siyo Eau Forte, maana ya kweli haina alkoholi ya kukuchoma pua. Linganisha pia namba iliyochapwa chini ya boksi na ile ya chini ya chupa, zinatakiwa kufanana, ingawa wajanja nao wanajua kuzifananisha. Ukiwa bado na shaka, risiti unayo, Tume ya Ushindani, yaani FCC, ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia. Lakini nakuambia tena, malalamiko uliyoyaandika ndiyo ninayoyapokea kwa watu walionunua ya kweli.

Utaniuliza, kama ni hivyo, kwa nini waiite Sauvage? Kwa sababu jina hilo linauza lenyewe. Kulijulisha jina jipya kwa watu ni gharama kubwa ya matangazo, na hakuna uhakika kwamba watalipokea. Jina la Sauvage limeshatangazwa tangu 2015 na uso wa Johnny Depp, duka lolote unaloingia lina nafasi yake kwenye rafu, na kijana wa Kimara ambaye hajawahi kunusa toleo jipya yuko tayari kulilipia kwa imani aliyonayo kwa lile la kwanza. Silaumu biashara kufanya biashara. Ninachokilaumu ni imani hiyo kutumiwa kuuzia kitu kisichoibeba.

Maana kutoa toleo jipya si kosa. Ukoo huo huo una watoto wema. Mwaka 2018 ilikuja Eau de Parfum, wakaongeza vanila, ikawa laini zaidi lakini ukiinusa unamjua mzazi wake papo hapo. Mwaka 2019 ikaja Parfum, yenye sandali, tulivu, ya mtu mzima. Mwaka 2021 ikaja Elixir, imejaa mdalasini, kungumanga, hiliki na lavenda, nzito kweli kweli, na hata hiyo chini yake unaukuta ule ule ukavu. Zote hizo ni kazi ya Demachy. Nje ya Dior, mfano ninaopenda kuwapa wateja ni Acqua di Giò ya Giorgio Armani. Ya kwanza ni ya 1996, mtunzi Alberto Morillas. Mwaka 2015 mtunzi yule yule akatoa Profumo, akaichukua ile bahari yake akaitia ubani. Ubani! Mama yeyote wa Kiswahili anajua ubani unafanya nini ndani ya nyumba. Ikawa na kina ambacho ya kwanza haikuwa nacho, na bahari haikupotea. Hivyo ndivyo toleo linavyotakiwa kufanywa: unaongeza, unapunguza, lakini kile kitu kimoja ambacho watu walikipendea hukigusi.

Eau Forte ni ya Francis Kurkdjian, aliyeshika kazi ya manukato ya Dior mwaka 2021. Uwezo wake haupingiki, ndiye aliyetunga Le Male ya Jean Paul Gaultier ya 1995, ambayo wakubwa zako bila shaka waliipaka. Na ufundi huu wa maji alishautumia mwaka 2022 kwenye J'adore Parfum d'Eau ya kina mama, nami nilikubali moja kwa moja. Maua yanapatana na maji. Asumini haihitaji kumpiga mtu usoni, ikija taratibu ndiyo inapendeza zaidi. Lakini Sauvage ilijengwa juu ya mpigo, na huo mpigo ndio uliowafanya wengine waichukie na wewe uipende. Ukiutoa, waliokuwa wanaichukia hawatainunua hata hivyo, na waliokuwa wanaipenda wanaandika barua kama yako.

Chupa iliyobaki usiitupe. Kwanza, acha kujipulizia nyumbani kabla ya safari. Tia kiasi kwenye kichupa kidogo cha kupulizia, kaa nacho kwenye begi, ukifika ofisini futa jasho kwa leso kavu, subiri kiyoyozi kikutulize, ndipo ujipulizie. Kiyoyozi kinakausha hewa, na hewa kavu ndiyo inayoipenda. Pili, ipeleke kwenye nguo badala ya shingo, maana miski zinashika kitambaa kuliko ngozi. Ila jaribu kwanza upindo wa ndani wa shati uone kama haiachi alama, hasa shati la rangi nyepesi. Tatu, ngozi kavu haishiki chochote: paka mafuta mgando kidogo, yasiyo na harufu, kabla ya kujipulizia. Na majira nayo yana neno. Sasa kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba mpaka Machi, hii chupa itakuonea. Ihifadhi penye giza na ubaridi, siyo dirishani na siyo kwenye gari, uje uitumie Juni mpaka Agosti, kusi ikiwa imeleta ubaridi na hewa imepungua unyevu. Utaiona tofauti. Haitakuwa Sauvage, lakini itakuwa pafyumu nzuri ya jioni baada ya kuoga.

Nije sasa kwenye Ijumaa yako, ambalo naona ndilo lililokusukuma ununue, na ni nia njema. Hukumu ya alkoholi kwenye manukato sitaisemea mimi, muulize sheikh wako, maana wanazuoni wameizungumza kwa namna zaidi ya moja. Lakini kama unataka isiwepo kabisa, huna haja ya kusubiri Paris ikutengenezee. Pwani hii imejipaka manukato yasiyo na alkoholi kwa karne nyingi, nayo ni mafuta. Nenda Kariakoo kwa wauza uturi, uliza mafuta ya udi, sandali, miski au waridi. Wengine wanakupimia kwa tola, ambayo ni kama mililita 12, na tola moja inaweza kukutosha miezi. Mafuta hayana shida ya kukauka kwa sababu hayahitaji kukauka. Yanakaa juu ya ngozi, joto la mwili linayaamsha kidogo kidogo, na jasho haliyaoshi kirahisi. Gusa nyuma ya masikio, viganjani kwa juu na chini ya koo, basi. Kanzu usiiguse, hasa nyeupe, doa la mafuta ya udi litakutia uchungu kuliko hiyo laki nne.

Kanzu ina njia yake. Mwombe mama au shangazi, akuwekee makaa kwenye chetezo, atie kipande cha udi, muda mfupi kabla hujaivaa. Kanzu itandazwe juu ya moshi, kwa mbali kidogo isije ikaungua, igeuzwe ndani nje. Moshi ule unaingia kwenye nyuzi na unadumu mpaka siku ya pili. Ukikaa kwenye safu ya swala na kanzu iliyofukizwa na mafuta kidogo ya sandali shingoni, utanukia kwa adabu, bila kumsonga jirani yako wakati wa kusujudu.

Na kazini rudi kwenye Eau de Toilette yako. Usione haya kurudia kitu kinachokufaa. Ukitaka mabadiliko, chukua Eau de Parfum ya 2018 kwa ajili ya jioni na sherehe. Elixir nakuhurumia nayo kwenye mwendokasi: kwa joto letu mpulizo mmoja unatosha siku nzima, na miwili itawatoa abiria machozi. Usichanganyikiwe pia na Eau Sauvage, ambayo ni ya 1966, kazi ya Edmond Roudnitska, ya ndimu na mimea, nzuri mno kwa joto kwa maoni yangu, lakini haina undugu wowote wa harufu na hii yako zaidi ya jina.

Toleo lolote jipya litakapokuja, na yatakuja, usilinunulie dukani ulipolinusia. Maduka ya Mlimani City na Masaki yana viyoyozi, hewa kavu na baridi, kila kitu kinanukia vizuri humo. Karatasi wanayokupa nayo haina jasho. Omba wakupulizie mkononi, toka nje, panda daladala, nenda kwenye shughuli zako, lala, na asubuhi nusa mkono na mkono wa shati. Ukilipenda bado, nenda kalinunue, na anza na chupa ya mililita 60.